Gari gani haisumbui? Jibu kwa dada wa Singida mwenye milioni 16 mkononi

Swali lenyewe kwanza, nimelifupisha kidogo: "Shikamoo fundi. Mimi ni nesi niko Singida, nina watoto 3. Nimekusanya milioni 16 nataka gari yangu ya kwanza, ya kwenda kazini kila siku, Dodoma mara moja kwa mwezi na kijijini Kiomboi sikukuu zikifika. Mume wangu anataka Forester, kaka yangu anasema X-Trail, kazini wote IST, na kuna daktari mmoja ananiambia nichukue ya Mjerumani nitulie. Kinachonichanganya zaidi ni mashemeji zangu wawili, wana gari aina moja, modeli moja, mwaka mmoja, jina nalihifadhi. Mmoja yuko nayo mwaka wa 6 anaisifia kama mchumba. Mwenzie yake ilianza kuvuma bila kukimbia, miezi 9 tu giaboksi ikafa, kaiuza kama chuma chakavu. Nimsikilize nani? Na je, rangi nyeupe inashusha bei nikija kuuza?"

Marahaba dada yangu. Nianze na mashemeji maana swali lako lote liko hapo, haya mambo ya Forester na IST ni matawi tu.

Mashemeji zako wote wawili wanasema kweli. Jina la gari umelificha na umefanya vizuri, ila hiyo "inavuma bila kukimbia" imeshaniambia kila kitu, hiyo ni CVT. Sasa CVT sio giaboksi ya meno kama uliyozoea kuisikia, ndani yake kuna puli mbili na mkanda wa chuma unaobanwa kwa presha ya oili, puli zikitanuka na kusinyaa ndo gari inabadilisha mwendo, hakuna kile kistuko cha gia kuingia. Ni tamu kuendesha na inabana mafuta. Lakini ina sharti moja kubwa, oili. Oili yake inatakiwa ilainishe na hapo hapo iufanye mkanda ung'ang'anie puli usiteleze, yani kazi mbili zinazopingana kwenye oili moja, ndo maana kila kampuni ina ya kwake, Nissan wana NS-2 na NS-3, Honda wana HMMF, Toyota wana ya kwao. Sasa fundi wa kijiweni anafungua, anaona kiwango kimeshuka, anachukua ile ATF nyekundu, oili ya otomatiki za kawaida, anajazia, anakuambia "tayari bosi". Gari inatoka hapo inatembea vizuri kabisa. Hutajua kitu kwa miezi kadhaa.

Nikupe niliyoyaona kwa macho. Kuna wiki niliingiza gari mbili za modeli moja, ya kwanza ya mwalimu mstaafu, ya pili ilikuwa inapigwa teksi mtandao hapa Dar kutwa kucha. Nikafungua karai la chini la giaboksi zote mbili, humo ndani huwa wanaweka visumaku vidogo kama sarafu vya kukamata unga wa chuma. Ya mwalimu sumaku zilikuwa na utando mwembamba wa kijivu, unafuta na kitambaa unaisha, oili bado ina rangi yake na mzee ana kidaftari kaandika kila alipobadilisha, kila kilomita 40,000. Ya teksi nilivyotoa karai harufu tu ilimkimbiza kijana wangu, harufu ya kitu kilichoungua, oili nyeusi, na zile sumaku zimeota ndevu, kabisa, vinyoya vya chuma vimesimama. Nilivyomuuliza mwenyewe mara ya mwisho kubadilisha oili ya giaboksi ni lini akanijibu "si nilibadilisha juzi hapo", kumbe anazungumzia oili ya injini. Hajui kama ni vitu viwili tofauti. Sasa hawa watu wawili ukiwauliza kuhusu gari yao utapata majibu mawili na hakuna aliyedanganya.

Kwaiyo mtu akikuambia "gari fulani ni mbovu" au "gari fulani ni chuma", usibishane nae, muulize maswali. Umekaa nayo miaka mingapi? Uliitoa Japani mwenyewe au ulinunua namba ya mtu, yani iliyokwisha kutumika hapa nchini? Unaendesha wapi, kwenye foleni ya Mbagala au barabara kuu? Oili gani? Nani fundi wako? Na swali ambalo mi nalipenda kuliko yote: tangu uinunue umebadilisha nini? Hapo utashangaa. Kuna mtu atakuambia "Toyota yangu haijawahi kunisumbua", alafu ukimhesabia kabadilisha bushi, shokapu nne, stabilaiza linki mara tatu, bering za magurudumu na rejeta. Kwake hiyo sio kusumbua, hiyo ni sevisi, kwa sababu kila kitu kilikuwa cha bei anayoimudu na kilipatikana siku hiyo hiyo. Mwenye gari ya Mjerumani akibadilisha vitu hivyo hivyo kwa idadi hiyo hiyo atakuambia gari imemfilisi. Ubovu ni ule ule, bei na upatikanaji ndo vimetofautiana. Hili watu wengi hawalioni wanapopiga stori za gari.

Alafu kuna wale waliokwisha kuuza, au gari zimekufa ziko nyuma ya nyumba zinafugia kuku. Hao hawatoi ushuhuda. Unawasikia waliobaki barabarani tu. Na anayeuza nae atakusifia, usitegemee dalali akwambie injini inakula oili.

Utakutana pia na watu wanakuletea ripoti za Marekani. Ni ripoti nzuri na mi huwa nazisoma, lakini elewa zinapima nini. Ile ya kampuni ya utafiti ya J.D. Power inahesabu matatizo kwa kila gari 100 gari zikiwa na miaka 3. Mwaka 2024 Lexus iliongoza kwa matatizo 135, wastani wa gari zote ukiwa 190, na lalamiko kubwa kuliko yote huko ni redio, skrini na simu kugoma kuunganishwa. Skrini! Wewe gari utakayonunua kwa milioni 16 ina miaka 15 au zaidi, skrini yake ina menyu ya Kijapani ambayo hakuna mtu nyumbani kwako atakayeisoma. Gari ya miaka 3 na gari ya miaka 18 ni kama mtoto wa chekechea na mzee wa presha, daktari wao hawezi kuwa mmoja.

Na jina la kampuni lenyewe halikai pale pale. Wazee wetu ukiwaambia gari ngumu watakutajia Peugeot 504, na walikuwa na haki, ilishinda Safari Rally mwaka 1975 na 1978, ikabeba abiria mpaka ikawa kama basi. Datsun nae, ambaye ndo Nissan huyo huyo, Shekhar Mehta wa Kenya alishinda nayo Safari mara 5, mwaka 1973 na tena miaka 4 mfululizo kuanzia 1979 mpaka 1982. Wakati huo ungemwambia mtu Nissan haiaminiki angekucheka. Leo ukileta Peugeot Singida utatafuta fundi mpaka ukome. Mafundi waliokuwa wanaijua wamezeeka, maduka yameacha kuleta spea, sifa nayo ikaondoka. Gari inakuwa ngumu pale ambapo fundi wa mtaa wako kaishika mara 100 na spea yake iko kila duka, hiyo ndo nguvu kubwa ya Toyota Tanzania na hainipi shida kulisema, injini nzuri ni nusu tu ya hadithi.

Haya, sasa twende kwenye hizo ulizotajiwa. Nakuomba uache kuuliza kampuni, uliza injini na giaboksi. Kampuni moja inatoa injini ya miaka 20 na injini ya kukutoa machozi ndani ya mwaka mmoja, zote zina nembo ile ile mbele.

Toyota. IST ya kwanza, ile ya 2002 mpaka 2007, ina injini 2NZ ya 1.3 au 1NZ ya 1.5, zote za cheni, yani valvu zinaendeshwa kwa cheni ya chuma badala ya belti, giaboksi ni otomatiki ya kawaida ya gia 4 inayotumia oili ya T-IV. Hiyo injini ya 1NZ utaikuta kwenye Fielder, Allion, Premio, Raum, Probox, yani spea zake ni kama nyanya sokoni. Inakunywa oili lita 3.7 ukibadilisha na filta, sio 4, kuna watu wanamwaga galoni nzima ya lita 4 kisa wameilipia na kuijaza kupita kiasi nako sio kuzuri. Mpaka hapo kazini kwenu wako sahihi. Ila IST iliyofuata, ile pana iliyoanza 2007, nyingi ni za CVT, na Allion na Premio za kuanzia 2007 hivyo hivyo. Sio kwamba ni mbovu, ila masharti ni yale ya mashemeji.

Alafu kuna Toyota ambazo mi binafsi nakwepa. Zile za injini ya 1AZ-FSE, wanaiita D-4, zimeandikwa hivyo kwenye mfuniko wa injini kabisa. Utaikuta kwenye Rav4 za Japani za 2000 mpaka 2005, Noah na Voxy za zamani, Premio na Allion za 2.0. Petroli inarushwa moja kwa moja ndani ya silinda kwa presha kubwa, kwaiyo ina pampu ya presha, nozeli za bei mbaya, na njia ya hewa inajaa masizi maana petroli haipiti huko kuosha. Ikiwa safi ina raha yake, ikianza kuchoka asubuhi inagoma kuwaka, inatetemeka ukisimama kwenye taa za barabarani, na mafuta yetu haya yanapochakachuliwa ndo kabisa. Na injini ya 1ZZ ya 1.8 zile za mwanzoni mwa miaka ya 2000 zinajulikana dunia nzima kwa kula oili, vitundu vya kurudisha oili kwenye pistoni vilikuwa vidogo vinaziba, baadae Toyota wenyewe walibadilisha pistoni. Kwaiyo anayekuambia "chukua Toyota yoyote" hajawahi kulipia ovahoo.

Nissan X-Trail ya kaka yako ziko mbili kwenye jina moja. Ile ya boksi ya 2000 mpaka 2007, T30, ya otomatiki ina gia 4 za kawaida, injini ya QR20 ya cheni, ni gari ya kazi, ina nafasi, sensa zake za krenki na kemu ndo maarufu kwa kufa, gari inazima njiani ghafla, ila ni spea ndogo na fundi anayeijua anabeba ya akiba kwenye dashibodi. Iliyofuata, T31 ya kuanzia 2007, hiyo ni CVT. Nissan wenyewe kule Marekani ilibidi waongeze dhamana ya CVT zao za 2003 mpaka 2010 ifike miaka 10 au maili 120,000, na humo ilikuwemo Rogue ambayo ni ndugu wa damu wa X-Trail. Kampuni haiongezi dhamana hivyo kwa kupenda. Ila dhamana hiyo sio yako, ilikuwa ya wanunuzi wa Marekani, wewe unapokea gari dhamana imeshakufa na masharti ya oili bado yako hai.

Subaru Forester ya mume wako. Nimpe heshima yake, ana jicho, ni gari iliyotulia barabarani, kwenye mvua na tope haina mpinzani kwa bei hiyo, majirani zetu Kenya wanaipenda kama dini. Injini yake ni bapa, silinda zimelala mbili kulia mbili kushoto, ndo ule mlio. Za Japani nyingi ni EJ20, zina belti ya taiming, na belti hiyo inatakiwa ibadilishwe kilomita 100,000, ikikatika valvu zinagonga pistoni na umeshanunua injini. Zile za EJ25 ndo zenye jina baya la gasketi ya silinda hedi kuvuja. Kuanzia mwisho wa 2010 Forester ikaja na injini ya FB ya cheni. Shida yangu na Subaru kwa ajili yako ni Singida, basi. Kubadilisha plagi tu unainama pembeni unaingiza mkono kwenye upenyo, fundi asiyeijua atakuvunjia koili au ataacha plagi moja bila kuigusa akwambie kabadilisha zote. Mume wako akinionyesha fundi wa Subaru aliyeko hapo hapo mjini, mtu sio stori, nitanyamaza.

Honda Fit hujaitaja lakini utauziwa, ni nyingi. Ya kwanza ya 1.3 ina plagi 8 kwa silinda 4, watu wanabadilisha 4 za mbele zinazoonekana na za nyuma zinabaki za Japani. CVT yake inajulikana kwa kutetemeka inapoondoka. Pita.

Na daktari wako wa Mjerumani. Mi namuelewa, ukikaa kwenye BMW hutaki kushuka. Lakini nikupe mifano miwili tu ya vitu vilivyo wazi. Volkswagen walikuwa na giaboksi ya DSG ya gia 7 ya klachi kavu, China peke yake mwaka 2013 waliita gari zaidi ya 384,000 zirudi. BMW walikuwa na injini ya dizeli ya N47 ambayo cheni ya taiming waliiweka nyuma ya injini, upande wa giaboksi, kwaiyo cheni ikilegea unashusha injini nzima kubadilisha kitu ambacho kwenye 1NZ fundi anakifikia kwa mbele. Mjerumani anatengeneza gari akijua itarudi kwake kwa tarehe na kompyuta yake. Daktari anaweza kuipeleka Dar au Nairobi ikigoma. Wewe ikigoma Jumanne na Jumatano una zamu ya usiku utafanyaje?

Spea kwako itatoka Dar, Shaurimoyo au Gerezani, inapakiwa kwenye basi la usiku asubuhi unaipokea stendi. Hiyo njia inafanya kazi vizuri kwa vitu ambavyo fundi anaweza kuagiza kwa simu bila kukosea. Kwa 1NZ anasema "nitumie pampu ya maji ya 1NZ" imeisha. Kwa gari nyingine itabidi upige picha, utume namba ya chesesi, itumwe isiyofaa, irudi, wiki imeisha unapanda bodaboda na funguo ya gari mfukoni.

Ungekuwa mdogo wangu wa tumbo moja ningekuambia tafuta Fielder ya zamani, ile ya 2000 mpaka 2006 ya 1.5 otomatiki, au Probox. Najua Probox utaikunjia uso, shemeji atasema ni ya kubebea mayai, na siti ya nyuma kweli ni benchi la kanisani. Lakini mpaka 2014 ilikuwa na 1NZ na gia 4 za kawaida, na barabara ya Kiomboi na watoto 3 na gunia la mtama la bibi kurudi nalo, hiyo gari ilizaliwa kwa kazi hiyo. Fielder ina sura kidogo. IST kwa watoto 3 na mizigo itawabana, watoto wanakua. Ila ukiipata IST safi na Fielder iliyochoka, chukua IST, maana kila mara hali ya gari inashinda jina lake. Forester iliyotunzwa na mwalimu mstaafu ninayoijua ni bora kuliko IST iliyopigwa teksi.

Usiitumie milioni 16 yote. Bakisha milioni 2 hivi pembeni kwa ajili ya mwezi wa kwanza wa kuwa nayo, oili zote, plagi, bushi, tairi. Kwa bajeti hiyo nadhani utanunua namba ya mtu humu humu ndani badala ya kuagiza, maana ya kuagiza ikizidi miaka 10 na ushuru wa uchakavu unapanda, piga hesabu kwenye kikokotoo cha TRA kabla hujatuma hela Japani. Ukiagiza, dai karatasi ya mnada wa Japani, ile inayoeleza hali ya gari. Ikiandikwa R au RA kwenye gredi ujue iliwahi kupata ajali ikatengenezwa, na kilomita zilizoko kwenye karatasi ndo uzilinganishe na za dashibodi, dalali wa hapa anazirudisha nyuma kwa dakika 10.

Ukienda kuiona, nenda asubuhi na mwambie mwenye gari asiiwashe mpaka ufike. Gusa boneti. Ikiwa ya moto kaipasha, jiulize kwa nini. Fungua mfuniko wa kujazia oili uugeuze uangalie chini yake, ikiwa pana utando mzito wa rangi ya chai ya maziwa kuna maji yanaingia kwenye oili au injini haipati moto inavyotakiwa, kote kubaya. Fungua rejeta ikiwa ya baridi, maji yawe na rangi, kijani au pinki, yakiwa ya kutu kahawia huyo mtu alikuwa anajaza ya bomba. Alafu geuza swichi bila kupiga stata: taa zote za dashibodi zinatakiwa ziwake, ya injini, ya oili, ya erbegi, alafu ukiwasha zizime. Taa ya injini isipowaka kabisa wakati huo usifurahi, balbu imetolewa. Nimeshakuta mtu kaibandika gundi nyeusi kwa nyuma.

Iache inguruma dakika 10 alafu kanyaga mafuta ghafla uangalie nyuma, moshi wa bluu ni oili inaungua. Iendeshe nusu saa, sio kuzunguka mtaa, maana CVT mbovu ikiwa ya baridi inajificha. Panda nayo mlima, simama katikati, ondoka. Weka R kwenye mteremko irudi nyuma kuelekea juu. Ikisita sekunde moja kabla ya kushika, mrudishie funguo yake kwa adabu.

Na muulize hili: termostati ipo? Mafundi wetu wengi gari ikichemsha wanaitoa termostati wanatupa, wanasema nchi ya joto haihitaji. Gari inaacha kuchemsha kwa muda, kweli, ila injini inafanya kazi ikiwa baridi, inakula petroli, oili inakuwa tope, na lile tatizo lenyewe la rejeta au gasketi bado lipo limefunikwa tu. Mi mwenyewe gari yangu ya kwanza kabisa, jina silitaji, niliitoa termostati na nikajaza maji ya bomba, nilikuwa kijana najiona najua. Kupanda Kitonga ikachemka, tanki la plastiki la rejeta likapasuka nikalala pale na watu wa malori wakinicheka. Kosa lilikuwa langu ila nilitembea mwaka mzima nikiitukana gari ile kwa kila mtu aliyetaka kusikia, na najua kuna watu walighairi kuinunua kwa ajili ya maneno yangu. Ndo shemeji yako huyo wa pili.

Kitu kingine kabla hujalipa, ingiza namba ya chesesi kwenye tovuti ya kampuni iliyotengeneza gari uone kama erbegi ya Takata ilibadilishwa. Takata, watengenezaji wa erbegi hizo, walifilisika Juni 2017 kwa sababu ya erbegi zilizokuwa zinapasuka na kurusha vipande vya chuma usoni kwa dereva, na zimo kwenye Toyota, Honda, Nissan, Mazda, Subaru, mpaka BMW. Baruti yake inaharibika kwa joto na unyevu, kwaiyo gari iliyokaa Tanga au Dar miaka 10 iogope zaidi. Gari nyingi zilitoka Japani kabla hazijaitwa zirudi kubadilishwa erbegi, na huku hakuna aliyezifuata. Hili halihusiani na gari kuzima njiani ila una watoto.

Rangi, chukua nyeupe au silva bila wasiwasi. Zinauzika haraka na hapo juani Singida ndani hapageuki tanuri. Ukikwaruzwa stendi rangi nyeupe kuifananisha ni kazi ndogo, tofauti na ile lulu inayong'aa inayofanana na nyeupe, hiyo fundi rangi atakuchaji mara mbili na bado mlango utaonekana umetoka gari nyingine.